Chuma cha Mbele Tulichokitoa Wenyewe

Vijana wa gereji, mliponiona nimeng'atuka mlininunulia kiti chenye mikono, mkaniambia sasa nipumzike. Nimejaribu. Mgongo uliolala chini ya magari maisha yote haujui kuegemea, na kila gari linalopita nje nalisikiliza linavyogonga. Mke wangu amechoka kunisikia nikitaja bushi wakati wa chakula. Basi, kwa kuwa mliniomba niwaachie maneno ya kazi, nayaandika haya. Habari za nani alinilipa nini, na lini nilikabidhiwa funguo za gereji, naziruka. Hazijawahi kulegeza nati yoyote.

Niliingia gereji ile ya Kanyenye, Tabora, nikitokea Ziba kwa wazazi wangu wafugaji, nikijua ng'ombe kuliko gari. Fundi mkuu alikuwa Mzee Maganga, mtu mfupi mwenye mikono mipana, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili na kutukana nati siku nyingine zote. Alikuwa fundi wa miguu ya gari, yaani springi, shokapu, bushi na vyuma vyote vinavyolibeba gari juu ya magurudumu. Injini aliwaachia wengine. Alisema injini ikiumwa inapiga kelele mtaa mzima ukasikia, lakini miguu huumwa kimya kimya na mwenye gari hana habari.

Siku ya kwanza nilimwamkia "Shikamoo", naye akaitikia "Marahaba" kutoka chini ya pikapu, nikiona viatu vyake tu.

"Unajua nini?" akauliza.

"Sijui kitu, mzee."

"Afadhali. Lala hapa."

Nikalala kando yake juu ya gunia. Hakunipa spana. Aliniambia nishike chuma kimoja kimoja nikitikise, niseme kipi kinacheza na kipi kimekaza. Asubuhi nzima ikaishia hapo. Nilipofika kwenye bomba la moshi lililokuwa bado la moto hakunionya, akasubiri mpaka nilipopiga yowe. "Hilo hutalisahau," alisema. Kweli sijalisahau, na kovu lipo kwa yeyote anayetaka kuliona.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa desturi ya mafundi wa pale, na nyinyi wengine mmeikuta ikiwa imechakaa. Gari likija kwako nawe ukaona kuna kazi ya fundi mwingine inayotakiwa kufunguliwa, hufungui mpaka umwite. Anakuja, anaangalia kwa macho yake, anakueleza alifanya nini na kwa nini, ndipo unashika spana yeye akiwepo. Kuifungua kazi ya mtu akiwa hayupo tulikuhesabu ni kumsengenya. Bila shaka ilichelewesha kazi. Kuna mwenye gari mmoja aliyewasubiri mafundi wamalize kubishana mpaka akapitiwa na usingizi kwenye kiti cha nyuma, wakamfungia milango wakaenda kula. Lakini ilitufanya tuogope kulipua kazi, maana ulijua siku moja utaitwa uiangalie mbele za watu.

Sasa nije kwenye chuma chenyewe. Magari mengi, mbele chini ya injini, yana chuma kirefu cha mviringo kilichopinda ncha zote mbili. Tunakiita stabilaiza. Kinashikanisha mguu wa kushoto na wa kulia ili gari likikata kona lisilalie upande mmoja. Katikati kinashikwa kwenye chesisi na bushi mbili za mpira, na kila ncha imefungwa kwenye mguu wake kwa kijichuma kifupi tunachokiita linki.

Enzi zile njia ya kutoka Tabora kwenda Nzega ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na ukishika mbuga nyeusi za Igunga ulikuwa unaliombea gari kama mgonjwa. Wazee wetu walipita nchi hii wakibeba pembe za ndovu mabegani kuzipeleka pwani, na pwani ikaja kuturudishia magari yaliyochoka. Kwenye njia hizo stabilaiza ilikuwa usumbufu mtupu. Linki zilikatika, bushi zililika, gari likagonga mbele ko-ko-ko mpaka abiria wakaanza kusali. Tena gurudumu moja likitumbukia kwenye korongo, chuma kile kililizuia lisishuke vizuri, gurudumu la pili likaelea hewani, gari likakwama hapo hapo. Walioteseka zaidi ni wale walionyanyua magari yao kwa springi ndefu za kuagiza Dar es Salaam. Gari likishanyanyuka, linki lilizotoka nazo kiwandani hazifiki zinakotakiwa kufika, na chuma kinabaki kimevutwa.

Mzee Maganga akapata dawa yake. Alikitoa chuma chote. Kelele zikaisha, magurudumu yakapanda na kushuka yanavyotaka, na gari likapita palipowashinda wengine. Sifa zikaenea. Madereva walitoka Igunga na Nzega wakifika wanasema tu, "Mzee, nitolee kile chuma." Alikuwa anakitoa chai ikiwa bado ya moto kikombeni, na baadaye hata mimi nikawa nakitoa. Lundo likakua nyuma ya gereji, karibu na choo. Wahunzi walikuja kuchagua wakafua mapanga na mitaimbo, kwa kuwa chuma chake ni kigumu na kinanesa. Nyumba nyingi za Kanyenye zina mtaimbo uliokuwa mguu wa gari la mtu.

Ilikuwa akili, na sitaki mtu amcheke Mzee Maganga kwa hilo. Kwa barabara zile na mwendo ule, hakuna gari lililokuwa na nafasi ya kukimbia mpaka lipinduke.

Kisha lami ikaja. Tulishangilia kama kila mtu. Safari ya kutwa ikawa ya muda mfupi, na magari yaliyokuwa yakitambaa yakaanza kupiga mbio, yakiwa bado yamenyanyuliwa juu na mbele hayana kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akajiuliza kama kazi tuliyoifanya kwa ajili ya makorongo iliifaa lami. Tuliendelea kutoa. Mteja alikuja anajua anachotaka, sisi tukajua kukifanya, chai haikupoa.

Kazi ya mwisho ya Mzee Maganga kabla ya kustaafu ilikuwa pikapu ya binti yake Sesilia. Sesilia ni nesi katika zahanati moja ya kijiji huko Lusu, na alikuwa akija Tabora kila apatapo nafasi kuwaangalia wazazi. Mara nyingi alipakia wagonjwa waliotakiwa kufika hospitali kubwa. Mzee aliinyanyua pikapu ile kwa springi mpya, akaweka shokapu ndefu, akatoa stabilaiza, akapaka rangi nyeusi kila chuma alichokigusa. Sijaona kazi safi kama ile. Ndiyo aliyostaafu nayo, kama watu wengine wanavyostaafu na cheti cha ukutani.

Mimi nilikuwa nimeshaachiwa gereji siku Sesilia alipoingia na pikapu hiyo, akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Shikamoo, kaka Anselmi."

"Marahaba, mdogo wangu. Vipi, mbona hushuki?"

"Jana nilimkwepa ndama nikitokea Nzega. Nikakata kulia, nikarudisha kushoto, gari likalala. Kaka, lililala hivi." Akainamisha kiganja mpaka kikakaribia kugusa dirisha. "Kiti cha nyuma nilikuwa na mama mjamzito na wifi yake. Yule mama hata hakupiga kelele. Alinishika bega tu, akalibana."

Nililala chini ya gari nikashika chuma kimoja kimoja, kama nilivyofundishwa. Hakuna kilichocheza. Kila kitu kilikuwa kimekaza, isipokuwa ile nafasi tupu ya mbele ambapo palitakiwa kuwa na kitu. Nikamweleza.

"Baba aliniambia hakina kazi," alisema.

"Kwenye vumbi hakikuwa na kazi."

"Basi kirudishe. Lakini nakuomba kitu kimoja, kaka. Baba asijue. Hii gari anaisifia kwa kila mgeni. Mtu hajakaa vizuri, keshamtoa nje kumwonyesha springi."

Nilimwambia nitaona. Ningeweza kuifanya kazi ile nyuma ya turubai na mzee asingejua kamwe. Hakuwa akiendesha tena, magoti yalishamkatalia. Lakini ilikuwa kazi yake, aliifunga kwa mikono yake, na mimi tangu nijue spana sikuwahi kuifungua kazi ya fundi aliye hai bila kumwita. Nianze na ya mwalimu wangu? Nilijiambia kwamba kumficha ni kumfanya mtoto. Usiku nikageuka sana kitandani, asubuhi nikaenda kwake.

Nilimkuta uani anabangua karanga. Asubuhi alipenda kusalimiwa kwa lugha ya kwao, kwa hiyo nilisema "Mwangaluka", naye akaitikia akanisogezea kigoda.

"Mzee, kuna gari nataka kulifungua, na kazi ni yako."

"La nani?"

"La Sesilia."

Mikono ikasimama juu ya ungo. "Limefanya nini?"

Nikamwambia yote, ndama, kona, na mama mjamzito. Nilimwambia pia ninachotaka kukifunga. Hakubisha, na hilo peke yake lilitakiwa kunishtua, maana Mzee Maganga aliweza kubishana nawe hata kuhusu jina lako. Aliingia ndani akatoka amevaa ovaroli yake ya zamani ambayo mkewe alikuwa akiificha kila mara. "Twende," alisema. "Wabeja kwa kuniita." Alinishukuru kabisa.

Sesilia aliponiona nashuka na baba yake kwenye bodaboda hakunisalimu.

Kuhusu kazi yenyewe, someni vizuri, kwa sababu wengi wenu mnaikosea. Nilipata stabilaiza ya gari la aina ileile lililokuwa limekatwakatwa kwa vipuri. Nikaisugua kutu, nikanunua bushi mpya. Bushi za mpira msizipake grisi ya kawaida, inazilainisha zikaoza. Maji ya sabuni yanatosha kuzitelezesha mahali pake. Kwa gari lililonyanyuliwa msifunge linki fupi za kiwandani kwa kulazimisha na mtaimbo. Tafuteni ndefu zinazolingana na urefu ulioongezwa, ili gari likisimama chini ncha za chuma zilale sawa, zisielekee ardhini wala zisiangalie juu. Inueni pande zote mbili kwa pamoja, upande mmoja ukiwa juu chuma kinajipinda na matundu hayatakutana hata uite mtaa mzima. Mkimaliza zungusheni usukani hadi mwisho kulia na hadi mwisho kushoto, mhakikishe hakigusi bomba la breki.

Mzee alishika taa. Magoti hayakumruhusu kulala chini, basi alikaa juu ya tairi akanimulikia. Nilipoweka spana kwenye nati za bushi akanisimamisha.

"Usikaze bado. Magurudumu yananing'inia. Ukikaza sasa mpira unajisokota, baada ya muda unachanika. Shusha kwanza, gari libebe uzito wake, ndipo ukaze."

Nilimtazama. Miaka yote ile tulikuwa tumetoa pamoja, hatukuwahi kufunga hata moja. "Mzee, hilo ulijulia wapi?"

"Nilifundishwa kukifunga kabla sijajifunza kukitoa," alijibu, akasogeza taa.

Tuliposhusha gari na kukaza, tukalipeleka barabara ya Nzega. Mimi niliendesha, yeye kando yangu, Sesilia nyuma. Palipokuwa wazi nilikata kulia kwa ghafla nikarudisha kushoto, kama alivyofanya Sesilia. Gari likainama kidogo, likarudi, likatulia.

"Rudia," alisema mzee.

Nikarudia, safari hii kwa kasi zaidi.

"Rudia."

Baada ya hapo mkono wake ukabaki umeshika mpini wa juu ya mlango ingawa gari lilikuwa linakwenda limenyooka. "Hivi ndivyo lilivyotakiwa kukaa siku zote," alisema. Nilisubiri aongeze utani. Hakuongeza.

Tuliporudi gereji hakushuka. Aliniuliza akiwa anaangalia mbele kwenye kioo, "Na lile la Kulwa?"

Kulwa alikuwa rafiki yake, dereva aliyebeba mpunga kutoka Igunga. Gari lake lilipinduka kwenye lami, upande wa Ziba, akafa. Mzee Maganga alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Chuma cha mbele cha gari lile tulikuwa tumekitoa sisi, yeye upande wa kulia na mimi wa kushoto.

Nilimwambia ninachoamini hata leo. Kulwa alipakia magunia mpaka juu ya kichwa cha gari, tairi zilikuwa vipara, na mwendo wake kila mtu aliujua. Hakuna ajuaye ni kipi kilichomwangusha.

"Mimi na wewe tunajua hakikuwepo," alisema mzee. Akafungua mlango akashuka taratibu, akaagana na kila mtu kwa adabu.

Nilidhani yatapita. Wiki iliyofuata alianza kwenda stendi asubuhi. Alikuwa akisimama kando ya magari ya abiria na mizigo, anainama kwa shida, anachungulia mbele chini. Kisha anamtafuta dereva.

"Mwanangu, gari lako halina stabilaiza. Nenda Kanyenye kwa Anselmi akufungie."

"Mzee, umedondosha nini huko chini?" walimtania. Vijana wa stendi wakambandika jina, Mzee wa Chuma. Wengine walikuja kweli gereji, baadhi kwa kucheka na baadhi kwa kuwa waliwahi kuponea chupuchupu. Kazi ziliongezeka, na kila niliyemfungia nilijua ni goti la nani lililomleta.

Jioni alipitia kwangu, anakaa kwenye benchi, anakumbuka magari. "Ile ya kijani ya padri, iliuzwa wapi?" Au, "Yule wa Lusu mwenye mlango wa kufunga kwa kamba, bado anaendesha?" Mengi yalishauzwa mikoa ya mbali, yamebadilishwa rangi, mengine yameshakatwa vipuri. Nilimjibu kadiri nilivyojua. Nilijitahidi kumwambia kwamba tulifanya kilichofaa kwa barabara tuliyokuwa nayo, naye aliitika kama mtu anayeitikia mahubiri ya dhehebu lisilo lake. Hakutukana nati tena. Kanisani alihama kutoka benchi lake la mbele akawa anakaa karibu na mlango. Pikapu ya Sesilia ilipokuwa uani wageni waliiona wenyewe kama walipenda, yeye hakumtoa mtu nje.

Sesilia alinisubiri siku moja hadi wateja wakaondoka. Alisema bila kupandisha sauti.

"Nilikuomba kitu kimoja, kaka."

"Ndiyo desturi yetu, Sesilia. Kazi yake ningeifunguaje bila yeye?"

"Hiyo desturi hailali nyumbani kwetu ikamsikia anavyoamka na kukaa kitandani akitaja magari ya watu."

Najua chuma kile kilitakiwa kurudi, hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba kilikuwa chepesi kurudisha, na kumwita hakukuongeza hata nati moja kwenye usalama wa Sesilia. Nilimpenda mzee yule kuliko mtu yeyote wa kazini, na nilimpelekea mwenyewe, kwa heshima zote, kitu kilichomvunja. Naona uchungu kuliandika, lakini mngelisikia kutoka kwa wengine limepinda.

Mzee alipougua akazidiwa, nilikwenda kumwangalia nyumbani. Alikuwa amelala ubavu, amepungua, lakini akili iko sawa. Mkewe alitoka kuchukua uji. Nikaona bora niulize kuliko kubaki nalo.

"Mzee, nilikosea kukuita siku ile?"

Hakuwa na hasira, alinijibu kwa sauti ileile aliyokuwa akinisahihishia nati niliyoikaza vibaya.

"Ungefunga kimya kimya, mwanangu. Sesilia angekuwa salama, na mimi ningelala."

"Ndiyo, mzee," nilisema.

Halafu akaniuliza, "Zile bushi za gari lake umezikagua tangu mvua zianze? Bushi mpya zikishakaa zinalegea kidogo."

Nikamwambia sijakagua. Akaniambia nikague, nimletee jibu. Asubuhi yake nilimpigia Sesilia aniletee pikapu. Nililala chini nikashika upande wa kulia, nikashika wa kushoto, nikajaribu kila nati kwa spana. Hakuna hata moja iliyosogea, tulikuwa tumekaza vizuri. Nilinawa mikono nikapanda bodaboda niende kumwambia, na nilipofika kwake nikawakuta majirani wanafunga turubai la msiba uani.